Mtu wa Nne Kwenye Picha

"Mwizi gani anaiba kuvu?"

Sarhento Perlita Macaraeg aliisogeza ile lenzi dirishani, akafumba jicho moja. Koplo Abrenica, mtunza vielelezo wa kituo, hakuinua hata kichwa. Alikuwa anakula karanga za kitunguu saumu, na Abrenica akishaanza kula, hata kituo kikishika moto, kwanza amalize.

"Nakuuliza wewe. Njoo uone."

"Nione nini, Afande? Kazi yangu kuandika. Lenzi moja, nyeusi. Nimeandika."

"Chungulia ndani ya kioo."

Alikuja shingo upande, akachungulia. Ndani kabisa, katikati ya kioo na kioo, nyuzinyuzi nyeupe zilikuwa zimetambaa kama mizizi ya kitunguu. Manila mvua ikishaanza, kuvu huota hata kwenye viatu vya kanisani. Kwenye lenzi huota kimyakimya, mwenyewe anakuja kujua siku picha zake zinaanza kutoka na ukungu.

"Mbovu," Abrenica alisema.

"Nusu mbovu. Na dukani kwa Mang Sebio, hatua mbili tu kutoka kwenye rafu ya vitu kama hivi, kuna lenzi nyeupe kubwa kama chupa ya chai, ukiiuza unanunua pikipiki. Muuaji kaiacha hiyo. Kabeba kamera kuukuu nzito kama tofali, lenzi ndogo ya bei ya chini, na hii yenye kuvu. Sasa huyo ni mwizi, au ni mteja aliyehesabu hela yake mpaka ikamuuma?"

"Labda mwizi mjinga."

"Mjinga hachagui vitu vitatu vinavyofungana sawasawa."

Abrenica alirudi kwenye karanga zake. "Mimi ningemuuliza mke wa marehemu. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Mke yuko Cebu kwa binti yake tangu Pasaka. Nimeshapiga simu. Kamera yenyewe mmeikagua?"

"Betri imekufa, kadi haina. Nimeandika."

Kesi yenyewe ilikuwa fupi, na hilo ndilo lililomuudhi Perlita. Eusebio Lacanilao, ambaye mtaa mzima wa Hidalgo, huko Quiapo, ulimwita Mang Sebio, yaani Mzee Sebio, muuza kamera za mtumba ghorofa ya tatu, alikutwa jana Jumatano saa tisa na nusu alasiri na mama anayepitisha ndizi za kukaanga. Alikuwa sakafuni, kichwa kimepasuliwa kwa stendi ya kamera ya chuma. Stendi ilikuwa imefutwa. Daftari la mlinzi wa lango, asiyejisumbua kuwaandika watu anaowazoea, lilionyesha mtu wa mwisho kutoka alikuwa Rowena Pagaduan, miaka ishirini na mitatu, mshona sare za shule. Alitoka saa nane na dakika arobaini, anakimbia, begi kalikumbatia kifuani. Yeye anasema alikuwa anakimbia mvua, na vitu vile alivinunua. Risiti hana. Mang Sebio hakuwahi kuandika risiti tangu afungue duka, na droo yake ilikutwa na hela, lakini hela haina jina.

Saa kumi na moja jioni, Wakili wa Serikali Quiambao angefunga jalada. Likifungwa kwa jina la Rowena ni mauaji na unyang'anyi, hakuna dhamana, na kesi za namna hiyo mtu huingia nazo msichana akatoka nazo bibi. Sasa ilikuwa saa sita kasoro.

Perlita alifanya alichokuwa akifanya kila akikwama kwenye jambo la vioo. Alikwenda kwa baba yake.

*

Mang Norio Macaraeg alikuwa ametengeneza kamera miaka arobaini, chumba cha mbele cha nyumba yake Sampaloc. Perlita alikulia chini ya meza ile, anaokota skrubu zilizodondoka. Mzee alikuwa ameinama kwenye taa, kioo chake cha kukuzia kinaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, kamba ileile ya miaka yote.

"Umekonda," alisema kabla hata hajageuka. "Hao polisi wanakula na nani, maana wewe hawakulishi."

"Shikamoo, baba."

Aliuchukua mkono wa mzee akaugusisha kwenye paji lake la uso. Mkono ulikuwa baridi.

"Marahaba. Kaa. Usikae hapo, kuna shata ya kamera ya mtu."

Akakaa kwenye ndoo. "Nimekuja kwa ajili ya Mang Sebio."

"Masikini Sebio." Mzee alifanya ishara ya msalaba. "Mimi jana nilikuwa kanisani Baclaran tangu asubuhi. Novena tatu mfululizo, nimesimama, magoti yanalia. Narudi jioni ndiyo nasikia."

"Nisaidie kitu. Mtu ana peso elfu ishirini na nane. Anataka kamera yake ya kwanza ya kazi. Ananunua nini?"

Hapo mzee alichangamka, maana hilo lilikuwa somo lake. "Mpumbavu anakwenda kwenye duka kubwa, ananunua mpya inayong'aa, inakuja na lenzi yake ya plastiki. Juani anapiga picha safi. Akiingia ndani kwenye taa hafifu, kila uso ni matope. Mwenye akili anachukua bodi kuukuu, yaani kamera tupu bila lenzi, hela anazipeleka kwenye lenzi. Bodi inazeeka, mwanangu. Lenzi nzuri unairithisha."

"Hata yenye kuvu?"

"Ikiwa kidogo na bei imeshuka, kwa nini asichukue? Kuvu inasafishika."

"Kwa hiyo huyu binti alichagua kama mtu anayenunua."

Mzee alichukua bisibisi, akaitazama ncha yake. "Au kama mtu anayejua cha kuiba kisichotafutwa. Ile nyeupe kubwa ukiiuza Hidalgo watu wote wanaijua ni ya Sebio. Vidogo vinapotea."

Perlita hakuwa amelifikiria hilo. Lilimvunja nguvu kidogo.

"Nani alikuwa anamsafishia Mang Sebio lenzi zake?"

"Sebio? Mchoyo yule. Alikuwa anasafisha mwenyewe, ndiyo maana zilikuwa na kuvu." Akacheka, kisha akauliza, "Kamera ya huyo binti mmeikagua? Huwa zinasema."

"Haina kadi. Ni ile nzito ya zamani, yenye mpini wa raba nyekundu."

"Aa, hiyo. Hiyo ina tundu moja tu la kadi. Kama ni tupu, ni tupu. Usipoteze muda."

Perlita aliinuka. Uani, shati la njano lenye picha za mananasi, alilomnunulia mzee alipotimiza sabini, lilikuwa kwenye kamba linadondosha maji.

"Siku hizi unafua Alhamisi?"

"Mvua ya Baclaran ilinilowesha kama kuku." Mzee aliingia jikoni, akatoka na mfuko. Ndani mlikuwa na suman sita, ule wali wa kunata unaofungwa kwenye majani ya mgomba, bado wa moto. "Mpelekee huyo binti. Mahabusu hawali vizuri. Ana mama?"

"Anaye."

"Basi mpelekee," mzee alisema, akarudi kwenye taa yake.

*

Rowena alikula suman ya kwanza bila kutafuna. Ya pili alikumbuka adabu, akamega.

"Afande, hii kapika nani?"

"Baba yangu. Kula, unaniambia huku unakula. Anza mwanzo. Kwa nini kamera ile?"

Msichana alikuwa na vidole vyenye alama za sindano, na macho yaliyovimba. Lakini alipoulizwa kuhusu kamera alikaa wima.

"Mimi nataka kupiga picha za matanga, Afande. Kila mtu anakimbilia harusi. Harusi ina wapiga picha saba wanagombana, na bi harusi anayelia kwamba pua yake imetoka kubwa. Msibani hakuna anayegombana. Ila familia yote inataka kusimama kuzunguka jeneza, watu thelathini, kwenye chumba kidogo, taa moja. Kwa hiyo nilijua nahitaji lenzi mbili. Ya milimita hamsini ya kupiga nyuso, inayofunguka sana ili ione penye kiza. Na thelathini na tano, ili ukoo mzima uingie na jeneza lao."

"Hiyo ya pili ndiyo yenye kuvu."

"Ndiyo. Nzima nisingeiweza. Mang Sebio alinipunguzia nusu. Aliona aibu kunipa, alinionyesha mwenyewe kwa tochi."

"Na bodi? Pale kulikuwa na nyepesi, mpya kuliko ile."

"Zilikuwepo mbili. Nilizitamani, Afande, sikufichi. Lakini zile zina tundu moja la kadi. Hii ina mawili. Ukipiga, picha inaingia kwenye kadi zote mbili kwa mpigo. Maiti haizikwi mara mbili. Kadi ikikufia, familia utaiambia nini?"

Perlita aliacha kuandika.

"Ina matundu mangapi?"

"Mawili. Moja kubwa, moja jembamba chini yake. Ndiyo sababu nikaichukua."

Kalamu ya Perlita ilikuwa imetua palepale kwenye karatasi, doa la wino linapanuka. Alijiambia mzee ana miaka sabini na mbili, watu husahau. Hakujiamini. Mzee yule aliweza kutaja skrubu za kamera aliyoitengeneza kabla Perlita hajazaliwa.

"Ulizijaribu lenzi kabla ya kulipa?"

"Mang Sebio hakuuzii mpaka ujaribu. Aliweka kadi yake kwenye tundu kubwa. Na kwenye lile dogo akaweka nyingine, akasema uone yote mawili yanafanya kazi. Nikampiga yeye na mabaharia wawili waliokuwa wanaulizia bei, wanawahi meli. Tukamaliza, akaichomoa kadi yake, nikalipa, nikaondoka."

"Aliichomoa moja au mbili?"

Rowena alifikiri. "Nilimwona anachomoa moja."

"Hao mabaharia walisimama wapi?"

"Mmoja huku, mmoja huku. Mang Sebio katikati."

"Watatu," Perlita alisema polepole. "Mzee wa miaka sabini, wa Quiapo, anasimama katikati ya picha ya watu watatu. Na akakubali?"

Manila nzima inajua habari ya picha ya watu watatu, kwamba wa katikati ndiye anayewatangulia wenzake kaburini. Wasomi wanaicheka, halafu wanamwita mpita njia asimame nao.

"Aa, hakukubali," Rowena alisema. "Alikataa kata. Akamwita yule mzee mwingine, aliyekuwa amekaa nyuma ya kabati. Akamwambia, 'Njoo wewe usimame hapa, nisije nikafa bure.' Tukacheka wote."

"Mzee gani?"

"Kwani hawajakuandikia? Nilisema jana. Yule aliyekuwa ananiandika akaniambia nisimchoshe na wazee, kila duka Hidalgo lina mzee." Rowena alifuta vidole kwenye jani la mgomba. "Alikuwa mpole. Alinipa kitambaa chake nifute lenzi. Ila Mang Sebio alikuwa amemkasirikia. Kabla sijaanza kupiga alimwambia, 'Kioo hiki nilikuletea kisafi, umenirudishia cha mtu mwingine. Na si hiki tu, tutaongea wateja wakiondoka.'"

"Alimkabidhi kisafi, akarudishiwa chenye kuvu?"

"Ndiyo nilivyoelewa. Fundi anatoa kioo kizuri, anaweka kibovu, kizuri anakiuza. Au sivyo?"

Perlita alifunga daftari. Alisema ahsante, akasahau kalamu mezani, ikabidi Rowena amwite.

*

"Nilifungua mlango wa kadi, nikaona patupu," Abrenica alisema. "Nimeandika."

"Uliona tundu kubwa. Nipe glavu."

Chini ya lile tundu kubwa palikuwa na mstari mwembamba, na ndani ya mstari huo kitu cheusi kimezama kabisa, ungedhani ni sehemu ya mashine. Perlita alikibonyeza kwa ukucha. Kikaruka nje. Kadi.

Abrenica aliacha kutafuna. "Mungu wangu. Afande, mimi mambo ya kamera..."

"Saini hapa. Andika saa. Iweke kwenye kompyuta, usiifute, usiiguse."

Picha zilikuwa kumi na moja. Mlango wa duka. Kabati. Uso wa Mang Sebio, umenoga, kila unywele wa nyusi unahesabika; hiyo ilikuwa hamsini. Kisha Rowena alibadilisha lenzi. Picha ya kumi na moja ilikuwa ya saa nane na dakika ishirini, Jumatano.

Mabaharia wawili wakiwa na kofia, wanacheka. Mang Sebio katikati yao, mkono mmoja hewani, bado anamvuta mtu. Upande wa kulia ulikuwa na dirisha, na mwanga wake ulipoipata ile kuvu, ukingo wote wa picha ulikuwa umefifia kama uji. Ndani ya uji ule alisimama mtu wa nne. Uso haukuwepo, ila weupe tu, na kivuli cha kidevu.

"Huyo hata mama yake hamjui," Abrenica alisema.

Perlita aliona rangi ya njano, na juu yake madoa ya kijani na kahawia yaliyopangwa kwa mistari. Aliona uzi mweusi shingoni na kitu kidogo cha duara kinachoning'inia. Aliona mkono wa kushoto, dole gumba limechomekwa ndani ya mkanda. Baba yake alipondwa dole lile na mlango wa jipni, daladala za Manila, Perlita akiwa darasa la pili, na tangu siku hiyo hakuna picha aliyosimama bila kulificha. Siku ya ubatizo, mahafali, harusi yake Perlita, kote dole liko mkandani.

Alishika meza. Abrenica alimuuliza kama amekula, naye hakusikia swali, aliona midomo tu inacheza. Novena tatu mfululizo. Tundu moja tu. Sebio alikuwa anasafisha mwenyewe. Uongo mara tatu, na kila mara alikuwa ameuandika kwa mkono wake kwenye daftari, kama ushauri wa mtaalamu.

"Afande, saa kumi na robo."

"Nimesikia," alisema, ingawa sauti ilitoka ya mtu mwingine.

*

Wakili Quiambao aliitazama picha kwa miwani, kisha bila miwani.

"Nzuri. Inaonyesha kulikuwa na watu. Lakini haimtoi binti, Sarhento. Mabaharia wako majini. Huyu wa nne ni moshi. Hoja yangu mbele ya hakimu itakuwa nini, kwamba kulikuwa na moshi umevaa shati?"

"Binti alimsikia marehemu anamshutumu fundi."

"Binti ndiye mtuhumiwa. Atasema chochote." Wakili alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa kumi na moja kasoro dakika kumi. "Niletee jina. Jina na anuani, nimwite mtu aeleze alikuwa anafanya nini pale. Bila jina, nafunga jalada kama lilivyo. Nisamehe, lakini sheria haipigi ramli."

Simu ya Perlita ilitikisika mezani. Kwenye kioo liliandikwa neno moja, Baba. Wote wawili waliitazama ikitikisika mpaka ikakoma. Dakika haikupita ukaingia ujumbe, na Perlita aliusoma akiwa amesimama: Binti kala?

Angeweza kunyamaza. Hakuna mtu duniani angemlaumu, maana hakuna mtu duniani angejua. Kuvu ilikuwa imemfichia mzee uso wake, kuvu aliyoiweka kwa mikono yake mwenyewe.

"Andika," alisema.

Wakili aliinua kalamu.

"Honorio Macaraeg. Fundi kamera. Sampaloc."

Kalamu ilisimama kwenye herufi ya kwanza ya jina la ukoo. Wakili Quiambao alimtazama, akatazama beji kifuani pake, akamtazama tena.

"Una uhakika, Sarhento? Mimi hapa sioni uso."

"Shati nilimnunulia mimi. Leo mchana lilikuwa kwenye kamba, limefuliwa. Mtu aliyesimama hivyo, dole mkandani, yuko kwenye picha yangu ya harusi. Ni baba yangu mzazi. Sijui alichomfanyia Mang Sebio. Najua alikuwepo, na najua ameniambia hakuwepo. Jalada hili mpe mtu mwingine kuanzia sasa. Mtumeni mtu mpole akamchukue, ana presha."

Wakili aliandika jina lote. Aliuliza namba ya nyumba, na Perlita akamtajia.

Saa kumi na mbili kasoro, Rowena Pagaduan alitoka mahabusu kwa idhini ya Wakili. Mama yake alikuwa langoni na mwavuli, anamsubiri. Kamera na lenzi zake zingebaki kituoni kama ushahidi mpaka kesi iishe, na alipoambiwa hivyo aliitikia kwa kichwa tu, hakubisha. Alipompita Perlita kwenye benchi la korido alisimama. Mkononi alikuwa na mfuko wenye suman mbili zilizobaki, na yale majani matupu ameyakunja vizuri.

"Afande," alisema, "baba yako mwambie nimeshukuru. Mwambie siku nikirudishiwa kamera yangu, picha ya kwanza nampiga yeye."

Perlita alisema atamfikishia.